Bibi akae au atembee? Historia ya mabishano kuhusu kuanguka uzeeni

Bibi yangu alianguka jioni moja kati ya jiko na nyumba kubwa, akiwa amebeba sufuria ya maharage. Nyumbani kwetu ni Lushoto, na kama umewahi kufika kule unajua kwamba uwanja tambarare ni anasa. Kila kitu kiko kwenye mteremko, hata kuku wanatembea upande upande. Hakuvunjika. Alichubuka kiwiko, maharage yakamwagika, kuku wakafaidi, basi. Alikuwa na miaka 81.

Kesho yake kundi la familia la WhatsApp likawaka moto. Baba mdogo akasema jembe lifichwe. Shangazi akatuma hela ya kumlipa binti wa kuteka maji na kupika. Mama akanunua kiti cha plastiki chenye mikono, kikawekwa barazani. Mimi, msomi wa ukoo mwenye shahada ya uzamili ya afya ya jamii, nikaulizwa: haya, mtaalamu, unasemaje? Nikajibu naunga mkono, Bibi sasa apumzike. Nikaweka na ile alama ya viganja viwili vilivyokutana.

Miezi mitano baadaye nikaenda likizo. Nikamkuta kwenye kile kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Karibu nyumbani."

Akataka kunyanyuka anipokee begi. Akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa. Mara ya tatu binti akaja akamshika kwapani. Huyu ni mwanamke ambaye mwaka uleule alikuwa anapanda kilima na mzigo wa kuni kichwani. Katikati hapo hakuugua malaria, hakupata kiharusi, hakuvunjika kitu. Alikuwa amekaa tu, kama tulivyomwagiza.

Nilirudi chuoni nikaanza kusoma kuhusu kuanguka kwa wazee, na nikagundua jambo la aibu kidogo. Mabishano yetu ya WhatsApp, yaani mzee aliyeanguka akalishwe au atembezwe, yalishafanyika. Yalianza London mwaka 1935, na upande nilioupigia kura mimi ulikuwa umeanza kushindwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Wagonjwa 714

Turudi Uingereza ya zamani kidogo. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilieneza nchini nyumba ambazo mtu asiye na namna ya kujilisha alipelekwa. Maisha ya humo yalifanywa magumu kwa makusudi, ili asiyebanwa kweli asitamani kuingia. Miaka ilivyokwenda, sehemu kubwa ya waliobaki humo wakawa wazee wagonjwa, wakawekewa wodi zao. Walilazwa, na neno hilo lichukue kwa maana yake kamili: mtu aliwekwa kitandani, akabaki kitandani. Daktari hakuwa na sababu kubwa ya kupita, maana ugonjwa ulishajulikana. Uzee.

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, ilikabidhiwa wodi za namna hiyo zilizokuwa jirani yake, zikiwa na wagonjwa 714. Zikaangukia mikononi mwa Dk. Marjory Warren, mwanamke ambaye hakuwa amefika miaka arobaini na ambaye mpaka wakati huo kazi yake ilikuwa zaidi ya upasuaji. Hakuja na dawa mpya wala mashine. Alifanya kitu ambacho leo mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu angeona ni cha kawaida kabisa: aliwapima wote, mmoja mmoja.

Alichokuta ni mchanganyiko wa ajabu. Waliopooza, waliovunjika nyonga, waliochanganyikiwa akili, wenye moyo mbovu, wote kwenye wodi zilezile chini ya jina moja la wagonjwa wa kudumu. Akawatenganisha kwa ugonjwa na kwa uwezo. Kisha akaanza kuwanyanyua, wa kukaa akakaa, wa kusimama akasimama, wa kutembea akatembezwa. Akaongeza mwanga wodini, akapaka kuta rangi ya kung'aa, akabadilisha vitanda, akawaweka wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia kwenye timu moja na madaktari. Baadhi ya watu walioonekana kama mizigo ya serikali mpaka kaburini wakarudi makwao. Vitanda alivyohitaji kwa wazee vikapungua mpaka 240 hivi.

Mwaka 1943, katikati ya vita, aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba wagonjwa hawa wanastahili kuhudumiwa ndani ya hospitali za kawaida, pamoja na vifaa na wataalamu wake. Miaka mitatu baadaye akaandika tena katika Lancet. Leo anaitwa mama wa tiba ya wazee, na mimi sina ubishi, ingawa nadhani waliomsikiliza hawakusukumwa na huruma peke yake. Nchi ilikuwa vitani, vitanda vilikuwa adimu, na huyu alikuwa anavirudisha kwa mamia. Wakati mwingine wazo zuri hupita mlango wa bajeti.

Mwaka 1947 akaja mwingine, Dk. Richard Asher, na makala fupi iliyoitwa Hatari za Kwenda Kitandani. Asher alikuwa na kipaji cha kuandika kwa kejeli, na humo aliupitia mwili kiungo kwa kiungo akionyesha kitanda kinavyouharibu: damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, ngozi inaoza kwa kugandamizwa, mifupa inapoteza madini, misuli inasinyaa, choo kinafunga, na moyo wa kutaka kuinuka unakufa. Mpaka siku hizo kupumzika kitandani ilikuwa kama dawa isiyo na madhara, unaiandika tu. Asher alitaka iandikwe kwa tahadhari ileile ya sumu.

Mtu aliyehesabu maanguko 500

Warren na Asher walishughulika na mzee aliyeshalala. Swali la kwanini alianguka liliachwa kwa daktari wa mji wa viwanda wa Wolverhampton, Dk. Joseph Sheldon, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye habari hii.

Vita ilipokwisha, chakula Uingereza kilikuwa bado kwa mgao na kila mtu alikuwa na kitabu chake. Sheldon aliona orodha ya vitabu vya mgao ni hazina: wazee wote wa mji wamo, mzima na mgonjwa, tajiri na maskini. Akachagua majina kwa kuruka ruka kwenye orodha na kupata watu 477, kisha akawafuata majumbani kwao. Fikiria tofauti. Kabla yake daktari alimjua mzee aliyeletwa hospitali. Sheldon alimkuta jikoni kwake, akaona ngazi zake na taa yake, akaona na binti yake anayeishi mtaa wa pili na kuja kila siku. Kitabu chake kilitoka mwaka 1948, na kati ya mambo yaliyomshangaza ni jinsi kuanguka kulivyokuwa kwa kawaida hata kwa wazee ambao hakuna hospitali iliyowajua.

Jambo hilo halikumtoka kichwani. Mwaka 1960, akiwa mwenyewe na miaka zaidi ya sitini, alichapisha uchunguzi wa maanguko 500 yaliyowapata watu 202. Kwa kila tukio aliuliza: ulikuwa wapi, unafanya nini, mwili ulihisi nini sekunde ile? Akapanga majibu.

Maanguko 171, kama theluthi moja, yalikuwa ajali za kweli kweli: sakafu inayoteleza, giza, ngazi. Kwenye ngazi kulikuwa na 63, na wapo waliodhani wamefika chini kumbe imebaki moja. Kujikwaa tu, mguu usiponyanyuka vya kutosha, 53. Kizunguzungu 37. Mara 20 mtu alikuwa ametupa kichwa nyuma, kwa mfano kutazama kitu cha juu. Mara 18 alisimama presha ikashuka. Halafu kuna yale 125, robo nzima, ambayo miguu ilikata ghafla bila onyo, mtu akiwa na fahamu zake zote, akajikuta chini na asijue kwanini. Haya yaliwasumbua madaktari kwa miaka mingi baadaye.

Unaweza kusema ni orodha tu. Lakini soma upya jibu ambalo sote tumelizoea, "uzee ndio huo," kisha soma orodha ya Sheldon. Giza lina dawa, ni taa. Ngazi ina dawa, ni mkono wa kushikia. Presha inayoshuka mtu akisimama inapimika kwa dakika chache. Kuanguka kulikuwa kumegeuka kutoka kudra na kuwa kitu chenye vyanzo, tena vyanzo vingi, na vingi vikishikika kwa mkono. Baadaye Sheldon alipima pia jinsi watu wa umri mbalimbali wanavyoyumba wakisimama wima, akaona watoto wadogo na wazee wanayumba kuliko watu wa makamo. Kusimama tunakuona ni kutofanya kitu, kumbe ni kazi ya kila sekunde: macho, sikio la ndani, nyayo na misuli ya miguu wanapeana taarifa, na mwili unajirekebisha. Hii ndiyo mtaani tunaiita balansi. Ukijikwaa, una sehemu ya sekunde tu kutupa mguu mbele ukudake. Misuli dhaifu hutoa jibu sahihi, ila linachelewa.

Aliyefuata ni Bernard Isaacs, Mskoti, ambaye mchango wake nitaupita haraka ingawa ni mkubwa. Yeye aliweka kuanguka kati ya majitu manne ya uzeeni, pamoja na kushindwa kutembea, kushindwa kuzuia haja, na kupungua akili. Mwaka 1982 yeye na mwenzake Murphy walieleza kitu nilichokiona kwa macho yangu barazani: wazee walioanguka ambao baada ya hapo hawatembei tena bila kushikashika kila kitu kilicho karibu. Hofu ya kuanguka ilikuwa imewafanyia ambacho anguko lenyewe halikufanya.

Kufungwa kwa usalama wako

Sasa hadithi ina aibu yake, na aibu hiyo iko Marekani. Wakati Waingereza wanajifunza kuwanyanyua wazee, makao mengi ya wazee ya Marekani yalikuwa yanawafunga. Siyo kwa mafumbo. Mikanda, fulana zenye kamba za kufungia kwenye kiti, trei mbele ya mtu asitoke. Sababu iliyotolewa mara nyingi ni ileile ya Baba mdogo: asije akaanguka. Katika miaka ya 1980 wauguzi watafiti wawili, Lois Evans na Neville Strumpf, walianza kuuliza ushahidi uko wapi kwamba kamba zinazuia kuumia. Mwaka 1987 bunge la Marekani likapitisha sheria iliyompa mkazi wa makao ya wazee haki ya kutofungwa kwa adhabu au kwa kuwarahisishia wahudumu kazi.

Ushahidi wenyewe ukaja. Mwaka 1992 Dk. Mary Tinetti wa Yale na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 397 katika makao ya wazee ambao mwanzoni hakuna aliyekuwa anafungwa. Baadaye 122 kati yao wakafungwa. Walioumia vibaya kwa kuanguka katika wasiofungwa walikuwa asilimia 5. Katika waliofungwa, asilimia 17. Ndiyo, utasema waliofungwa ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo, na ni hoja ya haki. Watafiti waliliona hilo, wakalifanyia hesabu, na uhusiano bado ukabaki. Kwa vyovyote vile, hakuna namba iliyoonyesha kwamba kamba imemlinda mtu.

Tinetti ndiye aliyeipa orodha ya Sheldon meno ya takwimu. Mwaka 1988 aliwafuatilia watu 336 wa miaka 75 na kuendelea waliokuwa wanaishi majumbani mwao. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 32 walianguka. Ila hawakuanguka kwa bahati nasibu. Mtu asiye na hata kihatarishi kimoja alikuwa na uwezekano wa asilimia 8. Mwenye vinne au zaidi, asilimia 78. Vihatarishi hivyo ni mambo kama dawa za usingizi na za kutuliza, miguu dhaifu, matatizo ya nyayo, balansi mbovu. Mwaka 1994 akaenda hatua ya pili: akawachukua wazee 301 wenye angalau kihatarishi kimoja, nusu yao wakashughulikiwa, dawa zikapitiwa, nyumba zikarekebishwa, mazoezi yakatolewa. Katika mwaka mmoja walioanguka kwenye kundi hilo walikuwa asilimia 35, na kwenye kundi la pili asilimia 47.

Kufikia hapo nilikuwa najiuliza swali moja la Bibi tu. Sawa, tulikosea. Lakini mtu wa miaka 81 ambaye misuli imeshaondoka, inarudi?

Jibu liko Boston, mwaka 1990. Dk. Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi kumi wa makao ya wazee, wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Uzito wa kweli, siyo wa kuwabembeleza. Tisa walimaliza wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Niliisoma mara mbili kuhakikisha haijakosewa. Kuna sehemu ya pili ambayo magazeti huwa hayaisemi: walipoacha, ndani ya wiki nne tu theluthi ya nguvu ikapotea. Misuli ya mzee inasikia haraka unapoiita, na inasikia haraka vilevile unapoiambia ikae.

Watu kumi ni wachache, na kunyanyua uzito si kutoanguka. Ndiyo maana jaribio la Dunedin, New Zealand, lina uzito kwangu. Profesa John Campbell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago walichukua wanawake 233, wote wa miaka 80 na kuendelea, wote wakiishi kwao. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia mara nne katika miezi miwili ya kwanza, likafundishwa mazoezi ya miguu na balansi ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, wakiwa wamefunga vizito vidogo kwenye vifundo vya miguu, na likahimizwa kutembea. Kundi lingine lilitembelewa kwa mazungumzo na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 1997: maanguko 152 kwa kundi la mazungumzo, 88 kwa kundi la mazoezi.

Namba hizo mbili ndizo nilizozipeleka kwenye WhatsApp. Baba mdogo si mtu wa kushindwa kirahisi.

"Kwa hiyo hata hao wa mazoezi wameanguka mara 88," akaandika. "Mama akianguka tena akavunjika nyonga, utajibu wewe?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa siku ya kutetea tasnifu. Maana ni kweli, 88 si sifuri. Mzee anayetembea ataanguka wakati fulani, na nyonga ikivunjika ni balaa. Sikuwa na jibu la kumhakikishia. Nilichoandika ni kwamba Bibi kwenye kiti naye ataanguka, siku atakayotaka kwenda msalani usiku na binti amelala, na siku hiyo ataanguka na miguu isiyoweza kumdaka. Halafu nikapendekeza kitu ambacho ni ajabu hakuna aliyekifikiria tangu mwanzo, kwamba tumuulize mwenyewe. Shangazi akampigia. Bibi alijibu kwa Kisambaa, na tafsiri ya heshima ni kwamba anataka jembe lake.

Tulikwenda kwanza kituo cha afya. Presha ikapimwa akiwa amelala na akiwa amesimama, vidonge vyake vikapitiwa, mtaalamu wa fiziotherapia akamwangalia anavyonyanyuka na kutembea, akatuandikia aanze na nini. Fundi akafunga mkono wa mbao kutoka jikoni mpaka nyumba kubwa, kama mita kumi na mbili, na taa ya sola ikawekwa katikati. Vizito vya Dunedin tulivishona kwa kitambaa cha kanga kuukuu, tukatia mchanga tuliopima dukani. Kile kiti cha Mama ndicho kikawa chombo cha mazoezi: kunyanyuka na kukaa, kwanza akijishika mikono, baada ya wiki kadhaa bila kujishika. Binti anahesabu, Bibi anamlaumu kwamba anaruka namba.

Mwezi wa nne tangu tuanze aliacha kushikwa kwapani. Mwezi wa sita alianguka tena, shambani, kwenye tuta la viazi. Hakutuambia, tulisikia kwa binti, wiki moja baadaye. Baba mdogo alinipigia simu, nikajiandaa kwa vita, lakini alichouliza ni kama mchanga wa vile vizito huwa unaongezwa au unabaki uleule. Nikamwambia unaongezwa. Akasema basi atapitia Jumamosi auongeze, na ataangalia na hilo tuta.